UZI: Upinde wa rikavu usio na saiti (kifaa cha kulengea). Utamu wake, vifaa vyake na namna ya kuupiga vizuri hapa Mwanza

#1 UpoteNaWano

Wakuu, salaam. Mada za pinde humu ndani zimekuwa zikiishia kwenye picha na swali la bei. Tuweke maarifa kamili sehemu moja, mwenye nyongeza aweke.

Rikavu ni upinde ambao ncha zake zimepindwa kwenda mbele, upande wa shabaha. Ukishafungwa, upote (kamba ya upinde) unalala juu ya sehemu ya bawa (mkono wa upinde, juu au chini ya kishikio) karibu na ncha. Ukiuvuta, unaachana na bawa polepole, na ile ncha iliyopinda inaanza kufunguka. Ndiyo maana mvuto wa mwisho hauwi mgumu ghafla kama kwenye upinde ulionyooka, na kwa uzito uleule wa kuvuta mshale unatoka kwa kasi zaidi. Umbo hili si la kwetu. Waturuki, Wamongolia na Wakorea walilijenga kwa pembe upande wa tumboni (unaomtazama mpigaji), mti katikati na kano za wanyama mgongoni (upande wa shabaha). Pinde za Usukuma, na zile za Wahadza kule Ziwa Eyasi, ni za mti mmoja ulionyooka. Rikavu ya leo ni tabaka za mbao na faibaglasi, na aliyeitangaza sana kwa wawindaji ni Mmarekani Fred Bear. Ndiyo aina pekee ya upinde iliyotumika kwenye Olimpiki tangu mchezo huu uliporudishwa Munich mwaka 1972, ingawa wale wana saiti na fimbo za kutuliza.

Sasa utamu wake uko wapi? Kompaundi, aina nyingine ya upinde wa kisasa, ina puli. Ukifika mwisho wa kuvuta, unabaki umeshika robo ya uzito au hata chini ya hapo, unaweza kutulia na kulenga. Rikavu inakubebesha uzito wote. Mshale wenyewe unapigwa ndani ya sekunde mbili hadi nne baada ya kufika mwisho. Hakuna kioo cha kuchungulia, hakuna kifyatulio. Kidole kikikwama, bega likipanda, kichwa kikisogea, mshale unasema palepale, na kwa mtu anayejua kusoma unasema hata kosa lilikuwa lipi. Kwa mwindaji maana yake ni kukaribia: mita 15 hadi 18, si zaidi ya hapo kwa mpigaji wa kawaida. Kumfikia mnyama kwa umbali huo ndiyo kazi yenyewe, na kupiga ni tendo la mwisho tu.

Kabla hatujaendelea, sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inadai leseni au kibali, na silaha yenye sumu ni marufuku. Swala, digidigi, hata ndege, usiguse bila kibali. Nyama, ngozi au pembe ukikutwa nazo bila karatasi zinaitwa nyara za serikali, na kesi yake ni nzito. Mwenye nia ya kuwinda aanzie ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania). Kisiwa cha Saanane ni Hifadhi ya Taifa japo kiko ndani ya jiji, kwa hiyo upinde usiupeleke kabisa. Kwa wengi wetu upinde huu ni wa shabaha, na shabaha peke yake inatosha kumshughulisha mtu miaka mingi.

#2 Kisesa_Kwetu

Mkuu asante kwa uzi. Naomba kuuliza moja kwa moja: mtu wa sentimita 175, mwenye nguvu za kawaida, ambaye hajawahi kuvuta upinde, aanze na paundi ngapi? Kuna jamaa wanasema ukinunua chini ya 45 umepoteza hela.

#3 UpoteNaWano

Hao jamaa wanakupoteza, ndugu yangu. Aanze na 25 hadi 30. Mwanamke au kijana aanze na paundi 18 hadi 24. Nitaeleza sababu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa na hawajitambui.

Kwanza urefu wa kuvuta. Nyoosha mikono yote ubavuni, pima kidole cha kati hadi cha kati, gawa kwa 2.5. Mikono ya sentimita 175 inatoa sentimita 70, yaani kama inchi 27 na nusu. Paundi zinazoandikwa kwenye bawa zimepimwa inchi 28. Kila inchi pungufu inaondoa paundi mbili hadi mbili na nusu, na kila inchi ya ziada inaongeza kiasi hichohicho. Kwa hiyo upinde wa "40" kwa mtu wa inchi 26 ni kama 35.

Kupima uzito halisi hapa kwetu ni rahisi kabisa: azima mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki, ndoana yake iwe katikati ya upote, vuta hadi urefu wako, soma. Kilo moja ni paundi 2.2. Kilo 18 ni 40.

Kipimo cha kujua kama upinde umekuzidi: vuta hadi kwenye kituo chako usoni (pale mkono unapotua kila mara ukimaliza kuvuta), shikilia sekunde 8, kisha shusha polepole bila kuachia. Rudia mara tano, ukipumzika kidogo katikati. Mkono ukitetemeka kabla ya sekunde 8, au ukishindwa kushusha taratibu, umezidiwa. Mtu aliyezidiwa hafiki kwenye kituo, anaachia njiani, na mwili unazoea hivyo. Mazoea hayo yakishaingia, kuyatoa ni kazi ya miezi.

Nunua upinde wa vipande vitatu: kishikio katikati na mabawa mawili yanayofungwa kwa boliti. Ukikomaa unabadilisha mabawa tu, unapanda paundi tano tano. Urefu uwe inchi 62 hadi 66. Upinde mfupi unapendeza vichakani lakini pembe ya upote inakuwa kali, inabana vidole, na kosa dogo la kuachia linaonekana kubwa.

Usifunge upote kwa kuupitisha upinde katikati ya miguu. Unapinda bawa kwa upande, na bawa la faibaglasi likishajikunja halirudi lenyewe. Tumia kamba ya kupandishia: kamba imara ndefu kuliko upinde kidogo, kila mwisho kifuko cha ngozi au mpira wa tairi la ndani cha kushika ncha. Kanyaga kamba, inua kishikio, telezesha tanzi la upote.

Na usiuache ndani ya gari. Gundi inayoshika tabaka inalegea kwenye joto la gari lililofungwa juani, bawa linaachana. Usiachie upote bila mshale pia, hata mara moja ya kujaribu. Nguvu ambayo mshale ungeondoka nayo inabaki kwenye mabawa, na mabawa yanapasuka.

#4 DadaWaIlemela

Nakubaliana na kaka hapo juu kwa kila kitu, naongeza upande wa mwili, maana watu wananunua vifaa vizuri halafu wanapiga kwa mikono badala ya mgongo.

Simama pembeni, miguu upana wa mabega, uzito sawa kwa miguu yote. Mkono wa upinde: shinikizo liwe kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vilegee. Ukikaba kishikio utazungusha upinde wakati wa kuachia. Zungusha kiwiko kidogo ili ule upande wa ndani utazame ukutani, si juu. Usipofanya hivyo upote utakuchapa, na kinga ya ngozi inapunguza tu maumivu, haiondoi kosa.

Vidole vitatu, upote ukae kwenye kiungo cha kwanza. Kimoja juu ya mshale na viwili chini, au vitatu vyote chini. Vitatu chini vinaleta mshale karibu na jicho, na umbali wa mita 20 unalenga kwa urahisi zaidi. Kidole cha juu kisibane noki (mkato wa nyuma ya mshale unaoshika upote), la sivyo mshale unanyanyuka kutoka kwenye rafu yake (sehemu ya kishikio unapolala mshale).

Kituo: ncha ya kidole cha kati kwenye pembe ya mdomo, kila mara palepale. Ukifika hapo usisimame, endelea kuvuta kwa mfupa wa bega wa nyuma kuelekea uti wa mgongo. Vidole vinalegea vyenyewe na mkono unateleza nyuma kupita sikio. Mkono ukiruka kwenda pembeni, umechomoa. Mkono ukibaki mbele ya uso, umepoteza mvuto kabla ya kuachia, na mshale utatua chini.

Kuna ugonjwa mmoja unawashika hata wazoefu: hofu ya shabaha. Ncha ya mshale ikigusa tu eneo la katikati, vidole vinaachia bila ruhusa. Dawa yake si kujikaza. Simama mita mbili au tatu mbele ya gunia tupu lisilo na alama, fumba macho, piga ukisikiliza mgongo peke yake. Fanya hivyo wiki mbili au tatu bila kugusa karatasi ya shabaha. Kisha rudi mita 5 na alama kubwa, halafu 10. Anayekimbilia mita 20 kabla ya wakati anaanza upya.

Kulenga bila saiti: simama mita 10, weka ncha ya mshale juu ya alama, piga mishale sita, pima katikati ya kundi iko juu kiasi gani. Rudia mita 15, 20, 25. Sasa una jedwali lako, na kwenye kila umbali unashusha ncha kwa kiasi kile. Mbele zaidi kuna umbali mmoja ambapo ncha inakaa juu ya alama yenyewe na mshale unatua hapohapo. Jedwali la mtu mwingine halikufai, kwa sababu linategemea uso wako, urefu wa mshale na kasi ya upinde wako.

#5 Fundi_Matete

Niingie kwenye mishale, maana mshale mzuri kwenye upinde wa kawaida utaushinda upinde wa bei mbaya wenye mishale ya kubahatisha.

Ukiachia upote, vidole vinausukuma pembeni kidogo na wano (kijiti cha mshale) linajipinda, linazunguka kishikio, kisha linajinyoosha njiani. Wano gumu mno halijipindi vya kutosha. Laini mno linajipinda kupita kiasi. Kwa hiyo ugumu wa wano lazima ulingane na upinde.

Kwa mawano ya kaboni, namba ndogo ni gumu zaidi. Namba 500 maana yake limepinda inchi 0.5 likining'inizwa gramu 880 katikati ya nafasi ya inchi 28. Kwa wano la inchi 29 lenye ncha ya greni 125 (gramu 8 hivi), anzia 700 au 800 kwa upinde wa paundi 25 hadi 30, 600 kwa 35 hadi 40, 500 kwa 40 hadi 45. Ni pa kuanzia tu, marekebisho yanakuja.

Wano la mti au mmea lina kipimo chake. Misumari miwili ukutani, umbali wa sentimita 66. Laza wano juu yake, ning'iniza gramu 907 katikati. Chupa ya plastiki ya lita moja iliyotiwa maji hadi mizani isome 907 inatosha. Pima limeshuka sentimita ngapi, kisha gawa 66 kwa hiyo namba. Likishuka sentimita 1.3 ni kama 50, yaani linafaa upinde wa paundi 50 hivi. Seti moja isipishane zaidi ya 5.

Huku ziwani tuna matete bila kununua. Chagua yaliyokomaa, ya mwaka wa pili, yenye ganda gumu la manjano, unene wa milimita 8 au 9 upande wa chini. Kata kiangazi, Juni hadi Septemba, urefu wa sentimita 90. Funga kitita kwa kubana, weka kivulini wiki nne hadi sita. Ukikausha juani yanapasuka. Kunyoosha ni kwa moto wa mkaa usio na mwali: pasha kwenye pingili hadi lisishikike vizuri kwa mkono, pinda kinyume kidogo kupita mstari, shikilia hadi lipoe.

Tete ni tupu ndani, kwa hiyo mbele linahitaji kipande cha mti mgumu, sentimita 15 hadi 20. Mpingo ni mzito na unavuta uzito mbele, jambo ambalo mshale unalipenda. Chonga mkia wa kipande hicho, uingize sentimita 4 au 5 kwa gundi, kisha zungushia uzi kwa nje sentimita 3. Bila uzi huo litapasuka mara ya kwanza likigonga kitu. Noki ikatwe juu kidogo ya pingili, na chini yake zungushia uzi pia.

Manyoya ya bata mzinga ndiyo bora, bata wa kawaida anafuata. Matatu kwa mshale mmoja, ya bawa la upande mmoja, yote kushoto au yote kulia, urefu wa inchi 4 hadi 5. Ukichanganya pande, mshale unabishana wenyewe hewani. Korongo wa dampo wanaangusha manyoya makubwa mjini hapa na yanatamanisha, ila viungo vya ndege wa porini msiviguse kwa sababu aliyoeleza mwenye uzi. Na kama mshale unakaa moja kwa moja juu ya rafu ya upinde, usitumie manyoya ya plastiki. Plastiki inagonga rafu na kumrusha mshale pembeni. Unyoya unalala na kupita.

Uzito wa mshale mzima: greni 9 au 10 kwa kila paundi. Upinde wa 45 unataka greni 450, ambazo ni gramu 29. Mshale mwepesi kupindukia unafanana na kuachia upote mtupu, unaua mabawa polepole.

#6 Kisesa_Kwetu

Fundi nimekuelewa sana. Sasa ukishakuwa na upinde na mishale, utajuaje vinaendana? Kuangalia kwa macho inatosha?

#7 DadaWaIlemela

Macho yanadanganya. Fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

Kimo cha upote kwanza. Pima kutoka sehemu ya ndani kabisa ya kishikio hadi kwenye upote. Upinde wa inchi 62 anzia inchi 7 na nusu. Piga mishale michache, sokota upote mizunguko mitano zaidi, piga tena, ukisikiliza. Kati ya 7 na nusu na 8 na robo kuna mahali ambapo kelele inapungua na mtikisiko mkononi unatulia. Baki hapo, uandike namba. Kimo kifupi sana kinachapa mkono, kirefu sana kinakula kasi. Upote mpya unanyooka, kwa hiyo pima tena baada ya mishale 50.

Kisha alama ya noki: milimita 10 hadi 13 juu ya mstari ulio pembe mraba na rafu. Funga kwa uzi wa cherehani, tone la supaglu baadaye.

Sasa mishale isiyo na manyoya. Chukua mitatu yenye manyoya na miwili iliyo uchi, uzito uleule. Mita 15. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia: ya uchi ikitua kushoto kwa yenye manyoya, wano ni gumu mno. Ikitua kulia, ni laini mno. Ikitua chini, alama ya noki iko juu mno, ikitua juu, iko chini mno. Rekebisha ya juu na chini kabla ya kugusa kushoto na kulia.

Gumu: ongeza uzito wa ncha, au punguza unene wa kiraka cha ubavuni ambapo mshale unagusa kishikio. Laini: kata milimita 6 kutoka mbele, au ncha nyepesi zaidi, au ongeza kiraka ubavuni. Kata kidogo kidogo, maana hakuna kurudisha.

Kuna mtego hapa. Wano laini sana linaweza kugonga ubavu wa upinde na kurukia kushoto, ukadhani ni gumu, ukaongeza uzito wa ncha na kuharibu zaidi. Paka unga wa mahindi au poda kwenye kiraka. Ukiona manyoya au mkia umeufuta kwa nguvu, na sauti ni ya kugonga, basi linajigonga.

#8 MlengajiNyegezi

Wadau, mimi napingana kidogo na mwenye uzi pale alipofanya uwindaji kuwa jambo la pembeni. Wazee wetu wamewinda kwa upinde vizazi na vizazi, Sungusungu wa miaka ya 80 walilinda vijiji vya Usukuma kwa upinde na mshale. Nguvu ipo. Kwa nini tuonyeshe kana kwamba rikavu ya paundi 50 haiwezi kitu?

#9 UpoteNaWano

Mkuu, heshima kwa wazee ipo, ila tuangalie kilichokuwa kinafanya kazi. Mishale ile mara nyingi ilikuwa na sumu. Wahadza nao wanatumia sumu za mimea, desert rose ikiwemo, kwa wanyama wakubwa. Sumu inaua hata kwa jeraha dogo. Ukiiondoa, na sheria imeiondoa, mshale unaua kwa kukata mishipa na mapafu tu. Hauna mshtuko kama wa risasi. Hapo hesabu inabadilika.

Mshale wa greni 500 kutoka upinde wa paundi 50 unaenda kama futi 175 kwa sekunde. Nishati yake ni futi-paundi 34. Kanuni za Namibia, ambako kuwinda kwa upinde kunaruhusiwa, zinadai 25 kwa wanyama wadogo, 40 kwa wa kati na 65 kwa wakubwa kama tandala na choroa. Kwa hiyo upinde huo unakidhi kundi la kwanza tu. Ili kufika 40 unahitaji kama paundi 60 na mshale wa greni 600. Na 65 kwa rikavu ya kawaida sahau. Wamarekani Saxton Pope na Arthur Young walipokuja Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa pinde ndefu za mbao, bunduki zilikuwa nyuma yao.

Kasi nayo. Mita 53 kwa sekunde maana yake mita 18 ni theluthi moja ya sekunde. Sauti ya upote inafika kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Swala akiwa na wasiwasi anainama kujiandaa kuruka, na mshale unapita juu ya mgongo. Ndiyo maana wanaowinda wanafunga vishada vya sufu au manyoya ya sungura kwenye upote, kila kimoja kiasi cha robo ya urefu kutoka mwisho, na ndiyo maana hawapigi mnyama aliyesimamisha masikio kuwatazama.

Anayekwenda kuwinda kihalali, nchi yoyote: chembe (ncha ya chuma ya mshale) kipana cha makali mawili, kilichonolewa hadi kinyoe nywele za mkono. Chembe butu kinasukuma mishipa pembeni. Mnyama awe amekupa ubavu, au ameelekea mbele kidogo akitazama mbali nawe. Swala wa Afrika mapafu na moyo viko mbele na chini zaidi kuliko kwa kulungu wa Marekani, kwa hiyo panda na mstari wa mguu wa mbele, theluthi ya chini ya kifua. Anayelenga nyuma ya bega kama kwenye video za Wamarekani anapiga tumbo. Baada ya mshale subiri nusu saa kabla ya kufuata damu. Kama mshale unanuka tumbo, subiri kwa muda wa saa nne hadi sita. Ukimfuata mapema anakimbia mbali, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea ni dhambi ya mwindaji.

Kwa hiyo sijasema rikavu haiwezi kitu. Nasema uwezo wake una mpaka, na mtu anayeupenda anaufahamu mpaka huo.

#10 MlengajiNyegezi

Hapo kwenye hesabu nimekukubali mkuu. Je, kuvua kwa upinde kule ghubani? Kambare, kamongo?

#11 Fundi_Matete

Inawezekana kiufundi, lakini Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inadai leseni, na zana zinadhibitiwa. Mwone afisa uvuvi kabla ya kufunga kamba kwenye mshale. Mshale wa samaki ni wa faibaglasi nzima, mzito, hauna manyoya, una ncha yenye miiba na kamba ya kuvutia. Kamba ifungwe kwenye pete inayoteleza mbele ya upinde, si kwenye noki, kwani ikinasa kwenye upote mshale unaweza kukurudia usoni. Maji yanapinda mwanga: samaki anaonekana kwenye kina cha robo tatu tu ya kina chake, kwa hiyo lenga chini yake. Maji ya Ghuba ya Mwanza yana tope, utaona cha juujuu tu. Na ukingo wenye matete ndio wenye mamba.

#12 Kisesa_Kwetu

Mahali pa kupigia je? Huku kwetu kila upande ni mawe.

#13 UpoteNaWano

Mawe ndilo tatizo la kwanza la Mwanza kwa mchezo huu. Mshale ukigonga jabali unarudi au unaruka pembeni mbali, na huwezi kukisia upande. Usiweke shabaha mbele ya jabali hata kama linaonekana ukuta mzuri. Tafuta tuta la udongo la mita mbili au zaidi, au weka zulia chakavu zito likining'inia kwa kulegea nyuma ya shabaha. Likilegea linameza mwendo. Likikazwa mshale unapita. Nyavu peke yake usiziamini, ncha nyembamba inapenya tundu.

Shabaha yenyewe: gunia la salfeti lililojazwa vitambaa vya mitumba, ukanyage kwa mguu hadi liwe gumu, ushone mdomo. Vitambaa vya pamba na nailoni vichanganye, toa zipu na vifungo vyote, vinakwaruza na kupasua mawano. Kuchomoa: mkono mmoja usukume gunia, mwingine ushike mshale karibu kabisa na gunia, vuta ukiwa umesimama pembeni, na nyuma yako pasiwe na mtu.

Wano la kaboni lililogonga jiwe likague kila mara: likunje taratibu mbali na uso, zungusha, sikiliza mlio wa kupasuka. Likilia, livunje ulitupe. Kaboni iliyopasuka ikiachiwa na upote inaingia mkononi kama sindano nyingi.

Asubuhi kabla ya saa nne ziwa limetulia. Mchana upepo wa ziwa unaingia na mshale wenye manyoya makubwa unausikia kuanzia mita 30. Upinde wa paundi 40 ukiinuliwa unaweza kutupa mshale zaidi ya mita 150, kwa hiyo kamwe usivute ukielekea juu, hata kwa kujinyoosha. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa mapema. Mtu akiona upinde hapa anafikiria Sungusungu au ujangili, si mchezo.

#14 Kisesa_Kwetu

La mwisho wakuu. Upote ukikatika, nyuzi za nyavu za Kirumba hapa mjini zinafaa?

#15 Fundi_Matete

Nailoni ya nyavu hapana. Inanyooka sana, kimo cha upote kinashuka kila baada ya mishale michache. Uzi wa kuvulia uliosukwa kwa nyuzi ngumu zisizonyooka nao uachane nao kama upinde ni wa zamani. Pigo lote linaishia kwenye ncha, na ncha ambazo hazikuimarishwa zinapasuka. Kinachofaa ni poliyesta, maana Dacron wanayotumia watengenezaji nayo ni poliyesta. Uzi mzito wa poliyesta wa kushonea turubai unapatikana.

Pima uzi mmoja kwa mizani ile ya samaki hadi ukatike. Upote mzima ubebe angalau mara nne ya uzito wa kuvuta. Uzi ukikatika kwa kilo 5, na upinde ni wa paundi 40, yaani kilo 18, unahitaji kilo 72, ambazo ni nyuzi 15. Weka 16 ili zigawanyike sawa. Ukipata Dacron yenyewe, nyuzi 12 kwa upinde wa 35 hadi 45, na 14 kwa 45 hadi 55. Upinde wa inchi 62 unatumia upote wa inchi 58 hivi ukiwa umenyooshwa.

Nta ya nyuki, ipashe kwa vidole, paka, kisha sugua kwa kipande cha ngozi hadi upote upate joto na nta iingie ndani. Pale katikati vidole na noki vinapogusa zungushia uzi wa pili kwa kubana, sentimita 18 hivi. Noki iingie kwa mlio mdogo, na ukigonga upote kwa kidole mshale udondoke. Ikishikilia, uzi wa katikati ni mnene, badilisha uweke mwembamba.